Elektroni Mbili za Nikeli

Nyumba Na. 38,
Mtaa wa Lavoie,
Sudbury, Ontario.

Jumapili, 6 Machi 1988

Shangazi Fleurette mpendwa,

Kabla hata sijakuamkia, nina ombi. Barua hii uisome peke yako, na ukishaisoma usiiache mezani. Usimwambie Mama hata neno moja, wala Baba, wala Bibi Alphonsine, ambaye akisikia jambo saa nne, saa tano parokia nzima inalo. Najua kila Jumapili mnaongea kwa simu wewe na Mama, na najua hamfichani kitu, hata kipimo cha sukari kwenye pai. Safari hii mfiche, tafadhali. Si kwa muda mrefu. Hadi Alhamisi tarehe 24 Machi tu, kisha mimi mwenyewe nitasema yote kwa mdomo wangu.

Sasa shikamoo. Hali yako huko Whitehorse? Goti linaendeleaje tangu ulipoanguka kwenye ngazi zenye barafu? Mama alisema unatembelea fimbo na hutaki mtu akupe pole. Mimi nakupa hivyo hivyo.

Sisi hatujambo. Theluji upande wa bustani bado inafika kwenye vioo vya madirisha. Baba ameacha sigara kwa ajili ya Kwaresima, kwa hiyo nyumba nzima tunafanya toba pamoja naye, maana hasira zake huanza kabla ya kahawa. Mama ni mzima, anasema huko kwenu hakuna mtu anayejua kupika supu ya njegere na kwamba ndiyo sababu mifupa yako haishiki. Bibi macho yamepungua lakini masikio yameongezeka.

Nakuandikia wewe kwa sababu ulifundisha kemia miaka thelathini na moja. Na pia kwa sababu nilipokuwa na miaka tisa nikavunja bakuli lako la kioo, uliniuliza limevunjikaje, hukuniuliza nani kalivunja. Sijasahau tofauti hiyo.

Unajua kazi yangu: karani wa mapokezi kwenye maabara ya kupimia mawe. Watafutaji wa madini wanaleta mifuko ya mawe, mimi naandika namba, naifunga kibandiko, naipanga kwenye rafu. Chini ndiko tuliko sisi, mimi na mashine ya kusaga. Juu, ngazi kumi na nne, ndiko waliko mafundi wa maabara wenye makoti meupe. Mwezi wa sita watachukua wanafunzi wa ufundi kutoka kwetu sisi wa chini, kwa sharti moja, kwamba mtu awe amefaulu kemia kwenye shule ya jioni.

Tuko watatu tunaosoma. Mimi, Sirkka Lehtinen, anayeosha vyombo vya kioo, na Yvon Lalonde, mtu wa mashine ya kusaga. Yvon ana miaka arobaini na sita na anakohoa tangu Novemba. Daktari amemwambia atoke kwenye vumbi. Hana mlango mwingine wa kutokea zaidi ya huu wa kemia, na yeye mwenyewe anasema aliacha shule kabla ya kufika kwenye atomi, akaishia kwenye vyura wa somo la biolojia. Kila anaposema hivyo tunacheka, na kila tukimaliza kucheka anakohoa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka vya kutosha.

Kwenye maabara yetu kuna daftari la kijani. Hukaa kwenye droo karibu na msumeno wa kukatia mawe. Kila aliyewahi kusoma kemia ya jioni kutoka kwetu amelitumia, kwa sababu Mwalimu Petryshyn hutoa kazi za nyumbani zilezile mwaka hadi mwaka, na majibu yote yamo humo. Ukifaulu unaandika jina lako ndani ya jalada, unalirudisha kwenye droo kwa ajili ya anayefuata. Majina yapo kumi na moja. Hakuna anayeuita mtindo huo wizi. Wanalichukulia kama koti la baridi ambalo kaka mkubwa amekua akaliacha. La mwisho kwenye orodha ni jina la Armand Séguin, ambaye sasa yuko juu, kwenye tanuri la kuyeyushia mawe. Kurasa za ioni zilikuwa za mkono wake.

Oktoba iliyopita daftari lilikuwa limechakaa. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye mishono na mtu alikuwa amemwagia chai nusu ya kurasa. Yvon akasema karani ndiye mwenye mwandiko, basi karani na alinakili upya. Nilifurahi, Shangazi. Ni mara chache watu wa pale huniomba kitu ninachokiweza.

Nilinakili kwa wiki mbili, saa za chakula cha mchana. Nilipofika kwenye ioni nikaona jambo lililonisumbua. Atomi ya nikeli, yenye elektroni ishirini na nane, ilikuwa imeandikwa vizuri, inaishia 4s² 3d⁸, yaani mbili kwenye ganda la nne na nane kwenye la tatu. Lakini ioni yake, Ni²⁺, iliyopoteza elektroni mbili, ilikuwa imeandikwa 3d⁸ tu. Ile 4s² haikuwapo kabisa. Nikadhani Armand aliisahau.

Nikafikiri kama karani. Mifuko yangu naipanga mmoja juu ya mwingine, na mfuko uliowekwa mwisho ndio unaotoka kwanza. Ukitaka kuvuta wa chini, rundo lote linaanguka. Katika nikeli, 3d ndiyo iliyojazwa mwisho. Basi elektroni mbili zitoke hapo. Nikaandika 4s² 3d⁶. Nikajumlisha na zile kumi na nane za ndani, nikapata ishirini na sita. Hesabu ilitimia, na karani hesabu ikitimia hana swali tena. Nikafanya vivyo hivyo kwa chuma na kwa kobalti. Nikaona nimewafanyia wema.

Sikumuuliza mtu. Armand alikuwa ngazi kumi na nne juu yangu, ningeweza kupanda nikamwonyesha ukurasa, angenijibu kwa nusu dakika. Niliogopa aone sijui. Nimelifikiria sana siku hizi zote, na naona kosa langu halikuanzia kwenye nikeli. Lilianzia kwenye ngazi zile.

Mwezi wa pili ukafika na kazi ya nyumbani ya mpangilio wa elektroni, maswali ishirini, atomi na ioni. Tulichukua daftari, sote watatu, tukanakili. Nami nilinakili, kutoka kwenye mwandiko wangu mwenyewe, kana kwamba umeandikwa na mtu mwenye akili kuliko mimi.

Alhamisi tarehe 25 Februari Mwalimu Petryshyn akaturudishia. Ni mama mfupi wa Kiukraine ambaye havui koti lake la sufu hata darasani, na hapandishi sauti. Wengine walipotoka, sisi watatu akatwambia tubaki. Akazipanga karatasi zetu mezani, moja kando ya nyingine.

“Watatu kupatia sawasawa, hilo nalielewa,” akasema. “Kemia ina jibu moja. Lakini watatu kukosea sawasawa, chuma, kobalti na nikeli, hiyo ni kazi ngumu. Nani aliifanya?”

Yvon akajaribu mzaha. Akasema labda ni maji ya mji huu, Mwalimu, yana nikeli nyingi, yametupanda kichwani. Mwalimu hakucheka. Alimtazama Yvon, akamtazama Sirkka, akanitazama mimi, nami nikawa natazama vifungo vya koti lake.

Hakutufukuza. Alisema tarehe 24 Machi, mbele ya darasa zima, kila mmoja wetu atapanda ubaoni peke yake. Ataokota karatasi kwenye mkebe, na ioni itakayotoka ndiyo atakayoifafanua, hadi yule anayekaa mwisho kabisa aelewe. Atakayeweza, amesamehewa. Asiyeweza, jina lake linatoka kwenye orodha ya mtihani wa Juni, na barua inakwenda kwa mkuu wa maabara kueleza kwa nini.

Kesho yake ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Yvon alimsubiri Armand kwenye mlango wa chumba cha chakula, daftari mkononi. Alikuwa na hofu, Shangazi, na Yvon akiwa na hofu hutania kwa sauti kubwa.

“Fundi mkubwa,” akamwambia, “umetulisha makapi. Nikeli inakushindaje wewe, na umezaliwa juu yake?”

Watu wakacheka. Armand ni mtu wa pole, ana miaka thelathini hivi, anaongea kama anayehesabu maneno. Alilichukua daftari, akatazama.

“Mimi niliandika nane,” akasema.

“Nane iko wapi, mzee? Nionyeshe nami niione.”

“Niliandika nane.”

“Basi imetembea. Imechoka kukaa na wewe, imekwenda zake.”

Wakacheka tena, hata wale ambao hawajui nane ya nini. Armand akalirudisha daftari mezani, taratibu, akapanda juu na chakula chake. Tangu siku hiyo anakula huko huko, kando ya tanuri. Na huko juu nako kumeanza maneno. Nasikia wenzake wanamwuliza kwa mzaha kama amehakikisha vipimo vya leo.

Armand alipoondoka, Sirkka alinigeukia. Yeye si msemaji. Siku nyingine hupita saa nzima hajafungua kinywa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, “Rhéal, uliandika kama ilivyokuwa?”

Nikasema ndiyo.

Neno moja tu. Hadi leo nikiingia kwenye chumba kile naliona limekaa pale mezani, kati ya chupa za chai na mikebe ya sandwichi.

Kurasa za zamani ninazo. Karani hatupi karatasi. Zilikuwa kwenye droo yangu ya chini, ndani ya bahasha, na alasiri ile nilizitoa nikazitazama. Chini ya doa la chai, wazi kabisa: nane. Kwa chuma, sita. Kwa kobalti, saba. Kisha nikafungua kitabu cha shule, ambacho kilikuwa kwenye begi langu tangu Septemba, na kitabu kikasema kama Armand.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo linaloniumiza zaidi nikiwa nyumbani. Unajua Baba na Armand wako timu moja kule kwenye kilabu cha kutelezesha mawe kwenye barafu. Habari ilifika huko. Jumamosi ile Baba alirudi akicheka, mara ya kwanza tangu Jumatano ya Majivu. Akamwambia Mama, “Yule Séguin anapima nikeli ya watu na hajui ina elektroni ngapi. Ngoja mwanangu apande juu, awafundishe.” Nilikuwa nakata mkate. Niliendelea kukata hadi Mama akaniuliza kama tunatarajia wageni.

Sasa unaelewa kwa nini sitaki wasikie kutoka kwako. Baba anatakiwa asikie kutoka kwangu, na asikie baada ya mimi kusimama ubaoni, si kabla. Akisikia kabla, atakwenda mwenyewe kwa Armand, atakwenda kwa Mwalimu, atasema yeye kwa niaba yangu kama alivyofanya tangu nikiwa darasa la kwanza. Safari hii sitaki mtu aseme kwa niaba yangu.

Kwa wiki nzima sasa nimekuwa nikifika kazini dakika arobaini kabla ya wengine. Nakaa kwenye chumba cha mifuko, mahali penye taa nzuri, nachora visanduku. Nilianza na haidrojeni kama mtoto. Nikapanda moja moja hadi zinki. Kila nikikosea nafuta karatasi yote, naanza tena kutoka mwanzo. Ioni hasi hazinisumbui: salfa ikipokea elektroni mbili inajaa hadi kumi na nane kama agoni, na mtu anaelewa kwa nini inatulia hapo. Sodiamu, kalsiamu, alumini, nazo najua zinatupa nini. Ni hizi metali za katikati zilizonifanya mpumbavu, na nimeapa zitakuwa ndizo ninazozijua kuliko zote.

Jumanne nilianza kumfundisha Yvon saa ya chakula. Hajui kuhusu kurasa za zamani. Nilifikiri namsaidia, kumbe yeye ndiye aliyenifungua macho. Nilimwambia kitabu kinasema 4s hujazwa kabla ya 3d, lakini atomi ikipoteza elektroni, zile za 4s ndizo zinazotoka kwanza, na kwamba hilo halinikai kichwani. Yvon akatafuna kwanza, akameza.

“Mbona mimi nafanya hivyo kila Jumapili,” akasema. “Nafika kanisani mapema kuliko wote, nakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Wengine wanakuja baadaye, wanajaa mbele. Padre akianza matangazo, nani yuko nje wa kwanza? Mimi. Nilitangulia kuingia, natangulia kutoka. Si kwa sababu ya lini nilikuja, ni kwa sababu ya wapi nimekaa.”

Nilitaka kumkumbatia. Miezi yote hii nimefikiria rundo la mifuko, na huyu mtu aliyeishia kwenye vyura amefikiria kiti. Ganda la nne ndilo la nje. Anayekaa nje ndiye anayeondoka, hata kama aliingia mapema.

Lakini mfano si sababu, Shangazi, na Mwalimu Petryshyn atauliza sababu. Nilivyoelewa mimi ni hivi. Katika potasiamu na kalsiamu, 4s ina nishati ndogo kuliko 3d, ndiyo maana elektroni zinaingia huko kwanza. Baada ya hapo kila atomi inayofuata ina protoni moja zaidi kwenye kiini, mvuto unaongezeka, na 3d inavutwa ndani na kushuka nishati, wakati 4s inabaki mbali. Hadi tunafika kwenye chuma au nikeli, 3d imekuwa ya ndani na 4s ndiyo inayoshikiliwa kwa ulegevu. Je, nimesema sawa? Au nimesema maneno yanayofanana na usawa? Siku hizi najiogopa zaidi pale ninapoona nimeelewa.

Na shaba sijaielewa kabisa. Kwa nini inaishia 3d¹⁰ 4s¹, badala ya 3d⁹ 4s²? Kromiamu nayo ni vilevile, 3d⁵ 4s¹. Kitabu kinasema tu kwamba hizi mbili ni za pekee. Hilo si jibu, ni njia ya kumwambia mtu anyamaze. Kama karatasi ya shaba ndiyo itakayotoka kwenye mkebe, sitaki kusimama pale nikisema ni ya pekee.

Nimeambatisha karatasi mbili. Kuna atomi kumi na ioni kumi na mbili, nimezipanga mwenyewe bila kitabu na bila daftari. Nakuomba uzisahihishe kwa wino mwekundu kama ulivyokuwa ukiwasahihisha wanafunzi wako. Lakini usiniandikie jibu sahihi. Weka alama tu mahali nilipokosea. Nimekuwa na majibu sahihi mkononi tangu Oktoba, na unaona nilivyoyafanya.

Usifikiri nakuandikia ili unishauri kama niseme au nisiseme. Hilo nimeshaliamua. Barua hii nitaitia kwenye sanduku la posta kesho Jumatatu saa moja asubuhi, lile lililo mbele ya maabara. Kutoka pale hadi kwa Armand hazizidi hatua mia, pamoja na ngazi kumi na nne. Nitampelekea kurasa zake. Nitamwambia ni mimi niliyeifuta nane yake, kwamba nilimsikia akichekwa nikanyamaza, na kwamba nilipoulizwa nilisema uongo. Kisha nitashuka chumba cha chakula saa sita, nitawaambia Yvon na Sirkka na yeyote atakayekuwapo. Nakuandikia kabla ili nikishaitia barua sandukuni nisiwe na njia ya kurudi nyuma. Najijua. Nikijiachia mlango hata wa paka, nitapita.

Kwa hiyo wakati unasoma haya, yatakuwa yameshafanyika. Sijui Armand atasema nini. Ana haki ya kusema chochote. Yvon atanitukana, kisha atanitania, na ya pili itaniumiza zaidi. Sirkka nadhani anajua tayari. Alipouliza swali lile hakuwa anauliza.

Kwa Mwalimu Petryshyn nitasema siku yenyewe, mbele ya darasa, kabla ya kuingiza mkono kwenye mkebe. Kuwa tulinakili watatu, hilo kila mmoja atalijibu mwenyewe, siwezi kuwabebea. Lakini kosa lililoandikwa pale ni langu peke yangu, na kama kuna barua ya kwenda kwa mkuu wa maabara kuhusu kosa hilo, iwe na jina langu tu. Kisha nitaokota karatasi. Nimemwomba Yvon aniachie nitangulie, nikamwambia ni kwa sababu nikisubiri nitazimia. Ni kweli pia.

Mara ya mwisho kusimama mbele ya darasa nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilitakiwa kutaja maziwa makuu matano. Nilitaja mawili, nikatapika. Mama aliniletea suruali nyingine. Safari hii hakuna wa kuniletea suruali, kwa hiyo sitakula tangu asubuhi.

Huenda nikaanguka. Huenda mwaka huu wote nikabaki chini na mifuko yangu. Hilo naweza kulivumilia. Mifuko na mimi tumezoeana. Lisilovumilika ni Armand kula peke yake kando ya tanuri kwa sababu ya tarakimu niliyoibadilisha mimi. Na nikipanda ubaoni nataka nijue kwa nini nane yake ni sahihi, niieleze hadi yule wa kiti cha mwisho aione. Kuomba msamaha bila kuelewa nilichokiharibu naona ni kunakili tena.

Nisalimie binti yako Jocelyne na mumewe, na umbusu mtoto wao Thaddée kwenye mashavu yote mawili. Mwambie Jocelyne soksi alizomfumia Bibi zimefika, ila Bibi anasema za kushoto zote mbili. Padre Ovila anakusalimu, bado anauliza lini utarudi kupiga kinanda, maana anayepiga sasa hufika mwisho wa wimbo kabla yetu. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri, na alitazame goti lako kwa jicho la pekee.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukuogopa kidogo,

Rhéal

Jinsi ya kunipata: usipige nyumbani. Kwenye maktaba ya mji, ukumbi wa mbele, kuna simu ya ukutani ambayo hupokea pia. Namba yake nimeiandika kwa penseli nyuma ya karatasi ya pili ya kazi. Piga Jumanne tarehe 22 Machi, saa sita na dakika kumi mchana kwa saa zetu. Kwenu itakuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nitakuwa nimesimama kando yake. Akipokea mtu mwingine, omba umpate kijana mwenye koti la bluu. Ikishindikana Jumanne, piga Jumatano saa ile ile, nitakuwapo pia. Nina dakika ishirini tu kabla ya kurudi kazini, kwa hiyo tusianze na salamu, utanisamehe. Niambie kwanza ni wapi umeweka wino mwekundu. Kisha nitajie ioni yoyote unayotaka, iliyo ngumu, halafu unyamaze. Nikikaa kimya usidhani simu imekatika, wala usinisaidie. Nitakuwa nazipanga. Subiri hadi nikuambie zipi zinaondoka kwanza, na kwa nini.